Tennessee State ilipataje mabingwa wengi wa kike kabla ya sheria ya 1972, na mabinti wetu waliotamba vyuoni Marekani wanakumbukwa wapi?

#1 Msomaji wa Mikocheni

Wanajukwaa, salaam. Naleta swali lililonikaa kichwani tangu nilipoanza kusoma habari za wanawake wanaoenziwa katika kumbi za heshima za michezo za vyuo vya Marekani. Chuo cha Tennessee State, kilichoko Nashville, kilianzishwa kwa ajili ya watu weusi katika jimbo lililokuwa na ubaguzi uliohalalishwa na sheria, na hakikuwa na fedha za kujivunia. Hata hivyo, katika fainali ya kupokezana vijiti ya mita 100 mara nne kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960, wasichana wote wanne walioiwakilisha Marekani walitoka chuo hicho: Martha Hudson, Barbara Jones, Lucinda Williams na Wilma Rudolph. Walishinda dhahabu. Timu yao ilijulikana kwa jina la Tigerbelles, na kocha wao Ed Temple, aliyeifundisha kuanzia 1950 hadi 1994, alitoa wanariadha 40 wa Olimpiki waliorudi na medali 23, 13 kati ya hizo zikiwa za dhahabu.

Sheria ya Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, ilipitishwa mwaka 1972. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya sifa za chuo hiki ilipatikana kabla sheria haijamlinda mtu yeyote. Dai langu ni kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Temple, na kwamba kama angefundisha kwingine, mabingwa wangetoka huko huko. Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 Kijana wa Arusha

Mkuu, uzi mzuri. Nakubaliana nawe kuhusu kocha, lakini tusiisahau fedha. Naamini wasichana hao walipewa ufadhili kamili wa michezo, kama wanavyopewa vijana wa mpira wa kikapu siku hizi, na ndiyo maana wenye vipaji walikimbilia huko. Halafu umemwacha Wyomia Tyus wa chuo hicho hicho, mwanamke wa kwanza kutwaa dhahabu ya mita 100 mara mbili mfululizo, Tokyo 1964 na Mexico City 1968.

#3 Mama Neema

Kijana wa Arusha, ahsante kwa kumtaja Tyus, lakini sifa yake umeipunguza bila kukusudia. Yeye ndiye mtu wa kwanza kutetea dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki, awe mwanamke au mwanamume. Hakuna mwanamume aliyefikia jambo hilo hadi Carl Lewis mwaka 1988, yaani miaka 20 baadaye.

Kuhusu ufadhili, mimi naishi Nashville na habari za timu hii bado zinazungumzwa hapa. Wasichana wale hawakuwa na ufadhili wa michezo. Walikuwa na mpango wa kufanya kazi chuoni kwa saa mbili kila siku, ndipo ada yao ilipungua, na baada ya hapo wakaenda darasani na mazoezini. Temple mwenyewe alianza kwa mshahara wa dola 150 kwa mwezi, na kazi yake ilikuwa pamoja na kuendesha posta ya chuo. Fikirini kocha anayepanga barua za wanafunzi ndiye aliyekuja kuwa kocha mkuu wa timu ya wanawake ya Marekani katika Olimpiki za 1960 na 1964.

Leo uwanja wa kukimbilia una jina lake, na bweni moja la ghorofa sita lina jina la Wilma Rudolph. Ukipita hapo mwanzoni mwa muhula utawaona wasichana wakishusha magodoro na masanduku mbele ya jina hilo. Binafsi naona heshima ya namna hiyo inazidi picha iliyotundikwa kwenye fremu.

#4 Mwalimu Kazimoto

Ndugu Msomaji, sikubaliani na dai la mtu mmoja. Temple aliikuta njia imeshafyekwa. Katika chuo cha Tuskegee kule Alabama, Cleveland Abbott alikuwa ameanza kuwashindanisha wasichana tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na timu yake ilitawala mashindano ya taifa kabla Nashville haijasikika. Humo ndimo alimopita Alice Coachman, aliyeruka juu mita 1.68 mjini London mwaka 1948 na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza duniani kupata dhahabu ya Olimpiki. Tena, timu ya kwanza ya wasichana ya Tennessee State ilianzishwa na Jessie Abbott, binti yake huyo huyo Cleveland Abbott. Mbegu ilihamishwa kutoka Tuskegee na ilipandwa na mwanamke, jambo ambalo halitajwi inavyostahili.

Sababu ya pili ni ya kijamii. Vyuo vingi vya wazungu viliamini kwamba mbio zinaharibu uanawake, na walimu wa michezo ya wasichana, ambao wengi wao walikuwa wanawake, walipinga mashindano makali. Imani hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mbio za mita 800 za wanawake, zilizokimbiwa katika Olimpiki ya 1928, ziliondolewa na hazikurudi hadi 1960. Mlango ulipofungwa upande mmoja, vyuo vya weusi vilibaki karibu peke yake uwanjani, na Temple, pamoja na ustadi wake wote, alivuna katika shamba ambalo wengine walilidharau.

#5 Jaribu Tena, Mombasa

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ina uzito, lakini naomba niongeze siasa. Mwaka 1958 Marekani na Umoja wa Kisovieti zilianza kushindana ana kwa ana katika riadha, mara ya kwanza ikiwa Moscow, na Wasovieti walihesabu alama za wanaume na wanawake kwa pamoja. Wanaume wa Marekani walishinda na wanawake wao walishindwa, kwa hiyo magazeti ya kila upande yalitangaza ushindi. Kuanzia hapo, taifa lililokuwa halijali mbio za wanawake lilihitaji wasichana wenye kasi, na waliokuwa tayari walikuwa wa Nashville. Vita Baridi ndivyo vilivyowapa safari, sare za taifa na macho ya dunia, ingawa nyumbani walikuwa bado hawaruhusiwi kuketi popote wanapotaka.

#6 Msomaji wa Mikocheni

Nawashukuru nyote. Jaribu Tena, Vita Baridi vinaeleza kwa nini wasichana hao walitafutwa, lakini havielezi kwa nini walipatikana Nashville badala ya Chicago au New York, ambako nako kulikuwa na wasichana weusi wengi. Isitoshe, miaka miwili kabla ya mashindano ya Moscow, kikosi cha vijiti cha Marekani kilichopata shaba Melbourne mwaka 1956 kilikuwa tayari ni cha Tigerbelles watupu: Mae Faggs, Margaret Matthews, Isabelle Daniels na Wilma, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 16 na bado yuko sekondari.

Nabaki na Temple kwa sababu ya maamuzi madogo ambayo mtu mwingine asingeyafanya. Mtazameni Wilma. Alizaliwa mwaka 1940, mtoto wa 20 kati ya 22 wa baba yake, akapata polio, akavaa chuma mguuni, na mama yake akawa anampeleka kwa basi kila wiki hadi hospitali ya chuo cha Meharry hapo Nashville, karibu kilomita 80 kutoka kwao Clarksville, kwa kuwa ndiko walikokubali kumtibu mtoto mweusi. Temple alimwona angali sekondari, akamwingiza katika kambi ya kiangazi ambamo wasichana walifanya mazoezi mara tatu kwa siku, ya kwanza ikianza alfajiri. Mwaka 1958 Wilma alijifungua binti. Temple alikuwa na kanuni ya kutopokea wasichana wenye watoto, lakini kwa Wilma aliilegeza. Miaka miwili baadaye, mjini Roma, alishinda mita 100, akashinda mita 200, na katika vijiti, baada ya kubadilishana na Lucinda Williams kulikokaribia kuharibika na kijiti kuponyoka, aliwafuata waliomtangulia na kuwapita. Kanuni ile ingeshikiliwa, hata bweni lenye jina lake lisingekuwapo.

#7 Dada Chebet, Eldoret

Habari za jioni. Nimesoma nyote kwa makini na naomba tuijibu nusu ya pili ya kichwa cha uzi, kwa sababu naona wanaume wameikwepa.

Wanawake wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki walikuwa Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire, mwaka 1968 Mexico City, uwanja ule ule ambao Tyus aliutawala. Medali ya kwanza ya mwanamke wa Kenya ilipatikana mwaka 1996, fedha ya Pauline Konga katika mita 5,000, na dhahabu ya kwanza ilikuja Beijing mwaka 2008 kwa Pamela Jelimo. Miaka 28 ilipita kati ya Chemabwai na Konga, na katika miaka hiyo wanaume wetu walikwenda vyuo vya Marekani kwa makundi. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Wasichana waliopata nafasi hiyo walikuwa wachache mno, kwa sababu ufadhili wa michezo kwa wanawake ulianza kuenea polepole baada ya 1972, na pia kwa sababu huku nyumbani msichana aliyemaliza sekondari alitarajiwa kuolewa.

Sasa mtazameni Sally Kipyego wa Kapsowar, Marakwet. Alianzia chuo cha South Plains, akahamia Texas Tech mjini Lubbock, akasomea uuguzi, na akashinda mataji tisa ya mtu mmoja mmoja ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo cha Marekani. Matatu kati ya hayo ni ya mbio za nyika, 2006, 2007 na 2008, na hakuna mwanamke aliyewahi kushinda matatu kabla yake. Baadaye alipata fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London 2012. Hapa Eldoret vijana wanaoanza mbio wanamtaja Jelimo na Vivian Cheruiyot, lakini mataji yale tisa wengi hawayajui, kwa kuwa yalishindwa kwa ajili ya chuo na hayakuoneshwa kwetu.

Mimi nilikimbia katika chuo kimoja kule, ambacho sitakitaja. Nilipangwa mita 1,500, 3,000 na 5,000 katika wikendi moja ili chuo kipate alama, hadi mfupa wa muundi ukapata ufa, na ufadhili wangu haukuendelea mwaka uliofuata. Kwa hiyo ninapoona jina la msichana kutoka huku limeandikwa ukutani mwa chuo cha Marekani, nafurahi sana, na pia nawakumbuka waliovunjikia njiani.

#8 Kijana wa Arusha

Dada Chebet, pole kwa yaliyokupata. Nilijua tu kwamba uzi ukitaja mbio, haupiti kurasa mbili kabla ya kufika Eldoret! Lakini nina swali la dhati. Kipyego alichukua uraia wa Marekani mwaka 2017 na akaiwakilisha nchi hiyo katika marathoni ya Olimpiki ya Tokyo. Je, chuo kinapomuenzi, kinamuenzi Mkenya au Mmarekani?

#9 Dada Chebet, Eldoret

Kijana wa Arusha, tukifika Eldoret ndipo tumefika, karibu chai. Kuhusu swali lako, ukumbi wa chuo unaangalia fulana aliyovaa mwanafunzi alipokuwa pale, na pasipoti haina nafasi katika hesabu hiyo. Mataji yote tisa aliyashinda akiwa binti wa Kapsowar kwa uraia na kwa lafudhi. Lawama ya kutomkumbuka ni yetu, na uraia wake wa baadaye tusiufanye kisingizio.

#10 Mama Neema

Dada Chebet ametaja mataji ya NCAA, na hapo ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalioni. Chama hicho cha michezo ya vyuo hakikuandaa mashindano ya ubingwa ya wanawake hadi msimu wa 1981 hadi 1982. Kabla ya hapo wanawake wa vyuo walikuwa na chama chao, AIAW, kilichoanza mwaka 1971, na kabla ya hicho walishindana katika mashindano ya AAU, chama cha michezo ya ridhaa, yasiyokuwa ya vyuo peke yake. Wilma Rudolph, aliyekuwa na kasi kuliko mwanamke yeyote duniani, hana taji hata moja la NCAA, wala Tyus, wala Edith McGuire aliyeshinda mita 200 mwaka 1964, wala Madeline Manning aliyeshinda mita 800 mwaka 1968.

Kamati ya ukumbi wa heshima ikikaa mezani na orodha ya mataji ya NCAA kama kipimo, wanawake wote wa kabla ya 1982 wanaonekana kama hawakufanya kitu. Mwenzao wa kiume wa mwaka 1960 ana taji, picha na kumbukumbu ya matokeo. Kwa hiyo mnapouliza kwa nini Tennessee State inaonekana ya pekee, huenda sehemu ya jibu ni kwamba kulikuwa na wanawake hodari kwingine ambao hakuna aliyewaandika, na hawa wa Nashville waliokolewa na Olimpiki.

#11 Mwalimu Kazimoto

Mama Neema amegusa mahali panapouma. Nimefundisha katika shule yenye kabati la vikombe karibu na ofisi ya mkuu. Vikombe vya wavulana vilikuwa na vibao vya shaba vyenye mwaka na majina kamili. Kikombe cha vijiti cha wasichana kilikuwa nyuma, na mbele yake palikuwa na picha yenye maandishi ya kalamu yaliyofifia: "Timu ya wasichana, mkoa." Hapakuwa na mwaka wala jina. Mmoja wa wale wanne alikuja siku moja kumwandikisha mwanawe kidato cha kwanza, akasimama mbele ya kioo, akajionesha kwa kidole, na karani aliyekuwa hapo hakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba ni yeye. Tuliwaandika majina wote wanne siku ile ile, kwa msaada wake.

Nasisitiza, hata hivyo, kwamba kumbukumbu mbovu haiondoi hoja yangu ya #4. Tuskegee na Nashville zilikuwa na wasichana kwa sababu jamii nyeusi haikuwa na anasa ya kudhani kwamba mwanamke ni dhaifu. Mwanamke aliyelima pamba na kufua nguo za watu hakuambiwa na mtu kwamba mita 200 zitamdhuru.

#12 Jaribu Tena, Mombasa

Mwalimu, hapo naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Kama jamii hiyo ingekuwa huru kabisa na fikra za uanawake, Temple asingelazimika kusisitiza sana mavazi, nywele na mwenendo wa wasichana wake mbele ya wapiga picha. Alitaka waonekane mabanati wenye adabu kwanza, kisha wakimbiaji, kwa sababu alijua gazeti litakavyomwandika msichana mweusi anayetoka jasho. Ilikuwa ngao, na ngao huvaliwa na anayeshambuliwa.

Nguvu waliyoipata waliitumia vizuri. Wilma aliporudi Clarksville Oktoba 1960, alikataa kupokewa katika sherehe iliyotenganisha weusi na weupe, na gwaride lake likawa tukio la kwanza mjini humo kuwachanganya watu. Tyus naye, mwaka 1968, alitangaza kwamba medali yake ya vijiti ni heshima kwa Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji wenzake wa Marekani waliofukuzwa kwa kuinua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi. Dunia inaikumbuka ngumi. Zawadi ya Tyus haikumbukwi hata robo yake.

#13 Mzaramo Mkongwe

Nimechelewa lakini nimesoma yote. Kwa upande wa Tanzania, mtajeni Theresia Dismas, aliyeleta fedha ya kutupa mkuki kutoka michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Hakupitia chuo chochote cha Marekani. Wanaume wetu walipita, na Suleiman Nyambui alitesa sana pale chuoni El Paso, Texas. Nawauliza wanaomsifu Temple: kama kocha ndiye kila kitu, mbona makocha wa vyuo waliokuja kutafuta vijana Afrika Mashariki miaka ya 1970 waliwaona karibu wavulana tu? Macho yao yaliongozwa na bajeti, na bajeti ya wasichana haikuwapo. Mimi naiunga mkono sheria ya 1972.

#14 Kijana wa Arusha

Mzee wangu, shikamoo. Sheria inaonekana wazi tukitazama miaka hii. Sharon Lokedi alishinda taji la mita 10,000 la NCAA mwaka 2018 akiwa Kansas, na mwaka 2025 akavunja rekodi ya njia ya marathoni ya Boston kwa saa 2:17:22. Mwaka huo huo Doris Lemngole wa Alabama alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15, akawa mwanafunzi wa kwanza wa vyuo vya Marekani kushuka chini ya dakika tisa. Lakini sheria hiyo hiyo imeleta mgogoro mpya, kwa sababu wapo Wamarekani wanaolalamika kwamba nafasi walizopiganiwa mabinti wao zinachukuliwa na wageni.

#15 Msomaji wa Mikocheni

Mzee Mkongwe, swali lako kuhusu macho ya makocha ni zito na sitalipita kimya. Nakubali kwamba bajeti huelekeza macho. Lakini Temple hakuwa na bajeti, na bado aliona. Kati ya wanariadha wake 40 wa Olimpiki, 39 walipata shahada, na hilo halikuagizwa na sheria yoyote wala na Vita Baridi.

#16 Mzaramo Mkongwe

Marahaba, Kijana wa Arusha. Ndugu Msomaji, umesema bado aliona. Aliona Tennessee, Georgia na majimbo ya jirani, wasichana wanaofikika kwa basi. Nani alikuwa na nauli ya kuja kumwona Theresia?

#17 Dada Chebet, Eldoret

Mzee, naomba kuuliza jambo moja kabla hatujaendelea. Kuna yeyote hapa mwenye orodha ya wasichana wa Kenya, Uganda na Tanzania waliosoma kwa ufadhili wa mbio Marekani kabla ya mwaka 1990? Nina majina machache niliyoyapata kwa mdomo kutoka kwa makocha wa zamani hapa Eldoret, lakini sitaki kuyaweka hadharani kabla ya kuwauliza wenyewe. Mwenye ndugu aliyepita njia hiyo aniandikie kwenye ujumbe wa faragha, na aambatanishe mwaka na jina la chuo.